Faida Yangu na Jirani Yangu
Somo juu ya Amri ya Saba

Sehemu za kusomwa: Mambo ya Walawi 25:14-17, Nehemia 5:1-13, Matendo ya Mitume 19:23-27, Waefeso 4:28.



Amri ya saba, ile ikatazayo wizi, ni fupi mno, na kila mtoto wa kipaimara aijua kwa moyo. Walakini amri hii fupi ndiyo iletayo maswali mengi siku ya soko. Mwizi avunjaye mlango usiku, habari yake tumekwisha kuijua. Lakini je, mwenye duka auzaye kwa faida? Mwenye gari anunuaye viazi Njombe na kuviuza Dar es Salaam kwa bei kubwa zaidi? Mwenye mashine ya kusaga afunguaye mlango wake ng'ambo ya njia, hata wateja wa mwenziwe wakamhamia? Je, hawa nao wameivunja amri?

Twasikia majibu mawili katika sharika zetu, nayo yapingana. Wengine wasema kwamba faida ya mmoja ni hasara ya mwingine. Kwa hiyo ye yote atajirikaye amekwisha kumnyang'anya mtu, hata kama hatumjui ni nani. Wengine wasema kwamba biashara ni biashara na dini ni dini. Sokoni kila mtu na lake, naye ashindwaye na alie peke yake. Jibu la kwanza lamfanya kila mwenye duka kuwa mwizi. Jibu la pili lamfanya Mungu kuwa Mungu wa siku moja tu katika juma. Sisi twaona ya kuwa yote mawili yamepotea njia. Basi na tuitafute njia yenyewe, ili walimu wetu na wazee wa kanisa wawe na neno la kujibu wanapoulizwa.

1. Faida ya haki ni ujira

Tuanze na lililo wazi. Mkulima wa Karagwe ana magunia ya kahawa. Hawezi kuyala, wala watoto wake hawavai kahawa. Mnunuzi ana fedha na gari, lakini shamba hana. Wakipatana kwa kweli, kila mmoja atoa alicho nacho kwa wingi apate alichokikosa, na kila mmoja arudi kwake na kitu akitakacho kuliko kile alichokuja nacho. Hapo hakuna aliyeibiwa. Kama faida ya mmoja ingalikuwa sikuzote hasara ya mwingine, hakuna mtu mwenye akili ambaye angalikwenda sokoni mara ya pili.

Tena tuitazame kazi yenyewe. Yule apelekaye chumvi, sabuni na madaftari mpaka kijiji cha mlimani amelipa nauli, amelala njiani, amekubali hatari ya mvua na ya gari kuharibika na ya mali kukosa mnunuzi. Kile azidishacho juu ya bei aliyonunulia ni ujira wake. Mtume Paulo alipomwonya aliyekuwa mwizi hakumwambia aache tu kuiba, bali alimwagiza afanye kazi iliyo njema kwa mikono yake, apate na kitu cha kumgawia mhitaji. Basi apataye ziada kwa kazi ya haki hakulaumiwa. Aulizwa tu ziada hiyo yaenda wapi.

Daktari Martin Luther aliandika juu ya jambo hili mwaka 1524, katika kitabu chake juu ya biashara na riba. Hakuwapendelea wafanya biashara hata kidogo. Maneno yake juu yao ni makali. Hata hivyo alikiri kwamba watu hawawezi kuishi pasipo kununua na kuuza, na kwamba muuzaji ana haki ya kurudishiwa gharama zake, na kulipwa kwa taabu yake na kwa hatari aliyoichukua. Kipimo alichokitoa chafaa hata leo: mtu ahesabu amefanya kazi muda gani, kisha ajilinganishe na kibarua wa kutwa, ndipo ajue kiasi kimpasacho. Tena mahali palipo na bei ya kawaida ya soko, mtu aweza kuifuata pasipo kuisumbua dhamiri yake. Alichokikataa Luther ni ile kanuni ya wafanya biashara wa siku zake, kwamba mtu ana haki ya kuuza ghali kadiri awezavyo. Kuuza ni tendo nimtendealo jirani yangu, kwa hiyo sina ruhusa ya kulipima kwa uwezo wangu peke yake. Yanipasa kulipima kwa haki.

2. Kuumia si sawasawa na kudhulumiwa

Sasa tuje kwenye mashindano. Kijijini pana mashine moja ya kusaga. Mwenyewe amezoea kutoza apendavyo, na kina mama husubiri tangu asubuhi hata jioni, maana hawana pengine pa kwenda. Mtu mwingine aja, akopa fedha, aleta mashine ya pili, atoza kidogo na kusaga vizuri. Yule wa kwanza apata hasara. Hili ni kweli, wala tusilifiche. Lakini je, ameibiwa? Wale wateja hawakuwa mali yake. Alikuwa na ruhusa ya kuwatumikia, hakuwa na haki ya kuwamiliki. Na faida ya mashine ya pili haikuwaendea wenye mashine peke yao, bali kila nyumba yenye debe la mahindi.

Jambo hili laonekana vizuri katika habari za Efeso. Demetrio na mafundi wenzake waliishi kwa kutengeneza vihekalu vya fedha vya Artemi. Paulo alipohubiri na watu wakaziacha sanamu, biashara yao iliingia hatarini. Hatari ya hasara ilikuwa ya kweli. Luka mwenyewe ameiandika. Lakini hakuna asemaye kwamba Paulo aliwaibia. Basi tujifunze kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kuumia na kudhulumiwa. Mtu aweza kuumia kwa tendo la mwenziwe bila kudhulumiwa naye. Tena mtu aweza kudhulumiwa bila kusikia maumivu hata siku moja, kama yule aliyepimiwa kwa mizani mbovu miaka kumi wala asijue.

Mwaka 1776 mtaalamu mmoja wa Scotland, jina lake Adam Smith, alitoa kitabu kikubwa juu ya utajiri wa mataifa. Humo alieleza ya kuwa mwuza nyama na mwoka mikate hawatulishi kwa huruma yao, bali kwa kuitafuta faida yao, na hata hivyo sisi twapata chakula. Watu wengi wamelikumbuka neno hilo, wakalisahau la pili lililo katika kitabu hicho hicho: kwamba watu wa kazi moja wakutanapo, mazungumzo yao huishia mara nyingi katika kula njama ya kupandisha bei. Basi hata yeye aliyeyasifu mashindano alijua kwamba wafanya biashara wenyewe hawayapendi, nao wakipata nafasi huyaondoa.

Lakini tusikimbie kuyasifu mashindano kupita kiasi. Mhubiri aliona ya kuwa bidii nyingi na ustadi mwingi wa watu hutoka katika husuda ya mtu juu ya jirani yake (Mhu. 4:4). Mashine mbili zaweza kusimama njia moja, mmoja akisaga ili watu wale, mwingine akisaga ili mwenziwe afilisike. Kwa macho ya wateja unga ni ule ule. Mbele za Mungu kazi si ile ile. Tena Katekisimo yetu haituachi katika kutokuiba tu, bali yatuagiza kumsaidia jirani ili mali yake na riziki yake viongezeke na kuhifadhiwa. Basi mwenye mashine ya pili hakutenda dhambi kwa kumshinda mwenziwe. Lakini akimcheka, au akimpita kama asiyemjua siku ya shida yake, ameivunja amri ya upendo, ijapokuwa hakuna baraza litakalomhukumu.

3. Njia tatu za kuiba pasipo kuvunja mlango

Tukiisha kutenga hivyo, twaweza kuuliza: ni lini basi faida huwa wizi? Sisi twaona njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuificha kweli. Wakulima wengi waijua lumbesa, lile gunia lililojazwa hata likafumwa kilemba juu yake, mkulima akalipwa gunia moja hali ametoa moja na nusu. Sheria ya nchi yakataza, na Torati ilikataza zamani zaidi, ilipokataza mtu kuwa na mawe ya kupimia ya namna mbili mfukoni, kubwa na dogo (Kum. 25:13-16). Mnunuzi wa lumbesa hujitetea akisema kwamba desturi ya soko ndiyo hiyo, na asiponunua hivyo atashindwa na wenzake. Lakini kuna tofauti kati ya kushindana kwa bei na kushindana kwa udanganyifu. Bei mkulima aisikia, aweza kuikataa. Kilemba cha gunia chachukua mali yake bila kutaja bei. Hayo si mashindano tena, ni wizi wa watu wengi pamoja. Na wingi wa wezi haukugeuza wizi kuwa desturi njema.

Njia ya pili ni kuwafungia wengine mlango. Luther alieleza katika kitabu kile kile hila za matajiri wa siku zake: wengine walinunua bidhaa yote ya aina moja, wakaificha, wakapandisha bei, wengine waliuza kwa bei ya chini mno, si kwa kuwahurumia wanunuzi, bali hata wenzao wafilisike, kisha wabaki peke yao wauze wapendavyo. Kwa nje hila hii yafanana na yule mwenye mashine ya pili, maana wote wawili wapunguza bei. Tofauti i katika mwisho wake. Mmoja apunguza bei aweze kutumikia; mwingine apunguza leo ili kesho pasiwe na mtu wa kushindana naye.

Mfano tunao karibu. Katika Kenya, zamani za utawala wa Waingereza, walowezi waliokuwa na mashamba ya kahawa ya Arabika hawakutaka Waafrika wailime. Waafrika walizuiwa mpaka miaka ya 1930, na hata hapo waliruhusiwa kwa kiasi kidogo katika sehemu chache tu, kama Meru na Kisii. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi, kama magonjwa ya mimea na ubora wa kahawa. Lakini pamoja nazo ilikuwapo hofu ya mashindano, na hofu ya kukosa vibarua ikiwa Mwafrika atakuwa na fedha shambani mwake mwenyewe. Tazameni: hapa aliyewadhuru wengine hakuwa yule aliyeshindana, bali yule aliyekataza mashindano.

Njia ya tatu ni kuinunua shida ya mtu. Hii ndiyo iliyo karibu nasi kuliko zote, kwa hiyo tutakaa juu yake zaidi.

4. Habari ya butura

Ndugu zetu wa Kagera walijua neno hili kabla hatujalieleza. Butura ni kuinunua kahawa ingali maua, au ingali mbichi mtini. Mwenye shamba apatwa na shida miezi ya mbele ya mavuno: mtoto ni mgonjwa, au karo ya shule yadaiwa, au pana msiba. Aenda kwa mwenye fedha, apewa kiasi kidogo, na kahawa ya miti fulani yahesabiwa kuwa ya huyo mwenye fedha tangu siku hiyo. Mavuno yakija, mwenye shamba achuma na kuanika kahawa isiyo yake. Serikali imeikataza desturi hii mara kwa mara. Hata hivyo hufanyika kwa siri, maana shida haikusomewa sheria.

Kwanza tuseme lililo la haki. Kuuza mavuno yasiyokuja bado si dhambi kwa yenyewe. Torati yenyewe iliruhusu. Katika Walawi 25 imeandikwa jinsi Mwisraeli awezavyo kuuza matumizi ya shamba lake mpaka mwaka wa yubile. Lakini bei ilipaswa kufuata hesabu ya mavuno: miaka ikiwa mingi, bei izidi, ikiwa michache, ipungue, maana kilichouzwa ni idadi ya mavuno. Na mara hapo likawekwa neno la kuwakataza wasidhulumiane, bali wamche Mungu. Basi Torati haikuuliza tu kama watu wawili wamekubaliana. Iliuliza pia kama bei imekifuata kitu kilichouzwa.

Sasa tuipime butura kwa kipimo hicho. Tuseme, kwa mfano tu, mwenye shamba apewa shilingi 40,000 mwezi wa Februari kwa gunia moja, na mwezi wa Julai gunia hilo lauzwa shilingi 120,000. Faida ni shilingi 80,000 kwa miezi mitano, yaani mara mbili ya fedha iliyotolewa. Haya, ondoeni gharama ya gari. Ondoeni na sehemu kwa ajili ya hatari, maana huenda mvua ya mawe ikaanguka, au bei ikashuka. Ondoeni na ujira wa siku alizotembea, kwa kile kipimo cha kibarua. Kinachobaki kimelipwa kwa kazi gani? Hatuoni jibu ila moja: kimelipwa kwa sababu mtoto aliugua mwezi wa Februari, wala si mwezi wa Julai. Luther alisema ya kuwa muuzaji atazamaye uhitaji wa mwenziwe na kupandisha bei kwa ajili yake, hauzi mali tu, bali auza na ile shida ya maskini. Mnunuzi wa butura atenda neno lilo hilo kwa upande wa pili.

Tena dhara yake haiishi mwaka huo. Kwa kuwa gunia limekwenda, Februari ya pili yamkuta mwenye shamba hana akiba. Aenda tena kwa yule yule. Hivyo butura huzaa butura, mpaka mtu awe kibarua katika shamba la baba yake.

Mnunuzi atajibu: "Mwalimu, mimi sikumlazimisha. Alikuja mwenyewe usiku akanisihi. Ningalimkataa, mtoto angalikosa dawa." Neno hili lina kweli ndani yake, nasi hatutalipita kwa haraka. Ni kweli kwamba fedha ile ilimfaa. Ni kweli pia kwamba mhubiri amkemeaye mnunuzi, asimpe mgonjwa dawa, hajamsaidia mtu. Lakini mwenye mlango mmoja tu wa kutokea hachagui mlango. Kukubali kwake kwaonyesha kwamba shida ilikuwa kubwa, hakuonyeshi kwamba bei ilikuwa ya haki. Wala hatumwombi mnunuzi amkatae mwenye shida. Twamwomba amkopeshe fedha arudishiwe fedha, pamoja na nyongeza ndogo iliyo wazi. Au wapatane juu ya gunia kwa bei ya siku ya mavuno, akate kile alichokitanguliza na ujira wake. Akifanya hivyo atapata faida, na jirani yake atabaki na shamba.

Nehemia alikutana na jambo hili hili huko Yerusalemu. Wakati wa njaa watu walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba zao wapate nafaka, na wengine walikopa fedha za kodi ya mfalme, hata wakawatoa watoto wao utumwani. Waliowakopesha walikuwa ndugu zao, wa damu moja na imani moja. Tuangalie alivyotenda. Hakwenda nje kuwashitaki mataifa. Aliwakusanya wakuu wa watu wake mwenyewe. Tena alisema wazi kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wakikopesha, akajihesabu pamoja nao alipotaka riba ile iachwe. Kisha akadai mashamba yarudishwe siku ile ile.

Hapa ndipo somo letu lituumizapo. Wanunuzi wa butura na wa lumbesa si watu wa mbali. Wengine huketi pamoja nasi kanisani, na sikukuu ya mavuno huleta sadaka kubwa, nasi twawashukuru mbele ya watu. Yule mjane aliyeuza kahawa yake ingali maua aketi nyuma, na sadaka yake ni ndogo mwaka huu. Je, hatujui kwa nini ni ndogo? Na je, ile sadaka kubwa, sehemu yake si ya huyu mjane? Zakayo alipookoka hakuleta sadaka peke yake. Aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu (Luka 19:8). Mwinjilisti aogopaye kusema neno hili kwa ajili ya paa la kanisa lisilokwisha, na ajiulize ni nani aliyelilipia bati.

5. Hasara isiyo na mwizi

Iko na hasara ya namna nyingine, ambayo ndani yake mwizi haonekani. Tangu mwaka 1962 palikuwa na Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, ambao kwa miaka mingi uliigawia kila nchi kiasi cha kuuza, ili bei isianguke. Mwezi wa Julai mwaka 1989 mataifa yalishindwa kupatana, mgao ukaachwa, na bei ikaanguka sana. Katika miaka ya 1990 wakulima wa Vietnam walipanda kahawa kwa wingi, hata nchi yao ikawa ya pili ulimwenguni baada ya Brazil. Nyingi ya kahawa yao ni Robusta, jamii ile ile ya kahawa nyingi ya Kagera. Ilipofika mwaka 2001 bei ya ulimwengu ilikuwa chini mno, na wakulima wengi wa nchi nyingi hawakurudishiwa hata gharama zao.

Je, mkulima wa Vietnam alimwibia mkulima wa Muleba? Hapana. Hakumjua, alipanda ili watoto wake wale, kama sisi. Haifai kumchukia mtu ambaye dhambi yake ni kulima kwa bidii. Walakini tusimwambie mkulima wetu kwamba, kwa kuwa hakuna mwizi, basi hakuna jambo. Mafuriko nayo hayana mwizi, nasi twajenga kingo.

Ukingo mmoja watu wetu waliujenga zamani. Mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro walifanya chama chao, KNPA, Joseph Merinyo akiwa kiongozi wao, ili wapige dawa mikahawa yao na kuuza pamoja, wakati walowezi wengi hawakupenda Mwafrika alime kahawa hiyo. Mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na chama cha ushirika, KNCU. Mmoja mmoja mbele ya mnunuzi mkubwa ni mnyonge. Wengi pamoja waweza kusema bei. Umoja huu haukuwa wa kumfilisi mtu, bali wa kumwezesha mnyonge asimame.

Lakini tuseme na upande wa pili, tusije tukafanya chama kuwa mwokozi. Miaka ile ile wakulima walilazimishwa kuuza kahawa yao kwa KNCU peke yake, na mwaka 1937, bei ikiwa imeshuka, palitokea ghasia Uchaggani kwa sababu hiyo. Chama kilicho peke yake chaweza kumsahau mkulima, kama mwenye mashine aliyekuwa peke yake alivyowasahau kina mama mlangoni. Kuondoa mashindano si kuondoa tamaa. Tamaa yaweza kuketi katika kiti cha katibu kama inavyoketi katika duka. Basi tusitumainie soko wala chama kututakasa. Vyote viwili ni vyombo, nao wavishikao ni wenye dhambi.

6. Neno la kushika

Haya yote twaweza kuyakusanya hivi. Faida si dhambi, nayo ni ujira wa amtumikiaye jirani. Mashindano si dhambi. Mara nyingi humlinda mnyonge asiwe chini ya mtu mmoja. Lakini faida inayotoka katika kuificha kweli, au katika kuwafungia wengine mlango, au katika kuinunua shida ya mtu, hiyo ni mali ya mwingine iliyo katika mfuko wetu, hata kama mkataba umetiwa sahihi.

Na zaidi ya haki iko njia iliyo bora. Wachungaji wa Abramu na wachungaji wa Lutu walishindania malisho, maana nchi haikuwatosha wote. Abramu alikuwa mkubwa, angaliweza kuchagua kwanza. Alimwachia mwana wa ndugu yake achague, naye akachukua kilichobaki (Mwa. 13:5-12). Hakupungukiwa, kwa kuwa riziki yake aliipokea kwa Bwana, wala hakuiona kuwa kitu cha kumpokonya Lutu. Amwaminiye Mungu kuwa mpaji hushindana kwa mkono ulio wazi. Asiyemwamini hana budi kuona katika kila jirani kinywa kinachokula chakula chake.

Twawasihi wazee wa kila usharika wasiishie katika kukataza butura. Na waulize miezi ya shida ni ipi kwao, na ni nyumba zipi zisizo na mlango wa pili. Palipo na chama cha kuweka na kukopa, wawapeleke huko. Pasipo nacho, wakianzishe, hata kwa fedha kidogo. Akatazaye mlango mbaya bila kufungua ulio mwema amefanya nusu ya kazi.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya

1. Tofauti ya kuumia na kudhulumiwa ni nini? Toeni mfano mmoja wa kila namna kutoka kijijini kwenu.
2. Katika Walawi 25:14-17, bei ilipaswa kufuata kitu gani? Kwa kipimo hicho, ni mapatano gani kwetu yasiyo ya haki?
3. Nehemia alianza kwa watu gani, nasi tuanze kwa nani?
4. Mwenye mashine ya pili amdai nini mwenziwe aliyeshindwa, kwa haki? Na kwa upendo, amwia nini?
5. Usharika wetu waweza kumfungulia mwenye shida mlango gani kabla ya mwezi wa Februari?

Bwana Mungu, mpaji wa riziki zote, itakase mizani yetu na mioyo yetu. Utufundishe kupata bila kunyang'anya, na kushinda bila kudharau. Na kile cha mwingine kilicho mikononi mwetu, utupe nguvu ya kukirudisha. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.